Spidi ya wastani na velositi ya wastani: jinsi ya kuzikokotoa bila kuzichanganya

Kama umeshafika kidato cha pili basi umeshakariri kwamba velositi ni spidi yenye mwelekeo. Hata mi nilikariri hivyo hivyo, nikaiandika kwenye mtihani na nikapewa maksi zangu. Shida ikaja kwenye swali lililofuata. Mkimbiaji kazunguka uwanja raundi moja ya mita 400 kwa sekunde 80, tafuta spidi ya wastani na velositi ya wastani. Nikaandika spidi ni mita 5 kwa sekunde, alafu velositi nikaandika mita 5 kwa sekunde, "kuzunguka uwanja". Mwelekeo si nimeweka jamani? Karatasi ikarudi na eksi nyekundu kubwa kama bango la barabarani, na jibu sahihi pembeni: sifuri.

Nilikaa na ile sifuri wiki nzima nikiona nimeonewa. Mtu kakimbia mpaka jasho linamtoka unaniambia velositi yake sifuri?

Kosa halikuwa la mwalimu. Ile sentensi ya kukariri ni ya kweli ukiangalia kitu kwa wakati mmoja tu, papo hapo, kama vile umepiga picha gari linapita, hapo kweli velositi ni spidi yake plasi upande linakoelekea. Ila neno "wastani" likishaingia mambo yanabadilika kabisa, velositi ya wastani SIYO spidi ya wastani iliyowekewa mwelekeo. Hizi mbili zinatoka kwenye vipimo viwili tofauti tangu mwanzo, na mara nyingi hata namba hazifanani. Ukiliweka hilo kichwani, kazi iliyobaki ni ya kufuata hatua tu.

Kuhusu maneno kwanza, maana hapa ndo watu hupotezana. Shule ya msingi tulifundishwa mwendokasi, na hiyo ndiyo spidi, yaani siyo yale mabasi ya Kimara kwenda Kivukoni ingawa jina ni hilo hilo (na ukikaa kituoni pale saa 12 jioni utajiuliza jina lilitoka wapi). Mi nitatumia spidi na velositi kwa sababu ndo tunavyotamka darasani. Alafu kuna umbali, na kuna displesimenti. Umbali ni njia yote uliyopita, kona zote, mizunguko yote, na pale ulipokosea ukarudi. Displesimenti haijali umepita wapi, inauliza maswali mawili tu, ulianzia wapi na umeishia wapi, inapiga mstari mnyoofu kati ya hizo sehemu mbili na kusema ni urefu gani na kuelekea upande gani.

Kwa hiyo:

Spidi ya wastani = umbali wote ÷ muda wote
Velositi ya wastani = displesimenti ÷ muda wote

Muda ni ule ule pande zote mbili. Kinachotofautiana ni cha juu.

HATUA YA 1: Chora, hata kama mchoro wako mbaya

Usianze kugawanya kitu. Chukua penseli, weka nukta iandike M, huo ndo mwanzo, chora njia yote aliyopita mtu au gari kama swali linavyosema, alafu alipoishia weka nukta nyingine iandike W, mwisho. Sasa chukua rula upige mstari mmoja toka M mpaka W, weka na mshale kwenye W. Ile njia iliyopinda pinda ni umbali, ule mstari wa rula ni displesimenti. Kama M na W zimekaa sehemu moja, hauna mstari wa kupiga, displesimenti ni sifuri na velositi ya wastani umeshaipata hapo hapo bila hesabu yoyote. Mi ningechora ule uwanja siku ile nisingepata eksi.

Wanafunzi wengi wanaruka hatua hii wanasema inapoteza muda. Inachukua sekunde kumi.

HATUA YA 2: Tafuta umbali wote

Hii rahisi, jumlisha kila kipande. Kwenda na kurudi vyote vinajumlishwa, hakuna kutoa. Umbali haupungui hata siku moja, ni kama zile kilometa zinazosoma kwenye dashibodi ya gari, ukienda Moro ukarudi hazirudi nyuma, zinazidi kuongezeka tu.

HATUA YA 3: Tafuta displesimenti

Hapa pana kazi kidogo, inategemea njia yenyewe ikoje.

Kama ni mstari mmoja, mbele na nyuma, chagua upande mmoja uite chanya, wa pili unakuwa hasi, alafu jumlisha na alama zake. Mfano ambao kila mpanda daladala anaujua: umepanda nyumbani, unatakiwa kushuka kituo kilicho km 8 mbele kwenye barabara iliyonyooka, usingizi ukakupitia, konda naye hana habari na wewe, unakuja kushtuka uko km 10. Unashuka unarudi kwa mguu km 2. Umbali ni 10 + 2 = km 12. Displesimenti ni +10 − 2 = km 8 kuelekea mbele, yaani pale pale ulipotakiwa ushuke toka mwanzo. Displesimenti haijui kama ulilala.

Kama njia imekata kona ya pembe mraba, mfano mtu kaenda km 3 mashariki alafu km 4 kaskazini, umbali ni km 7 lakini displesimenti unatumia kanuni ya Pythagoras, 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, kipeuo chake cha pili 5. Km 5 kuelekea kaskazini mashariki. Ukitaka maksi zote taja na pembe, hapo ni kama digrii 53 kutoka mashariki kwenda kaskazini.

Na kama ni duara, fikiria lile duara la katikati ya uwanja wa mpira. Nusukipenyo chake ni mita 9.15, hicho ni kipimo cha kila uwanja rasmi duniani. Kocha kakuambia tembea nusu ya duara juu ya chaki, kutoka upande mmoja mpaka upande wa pili. Umbali ni π mara 9.15, inakuja mita 28.7. Displesimenti ni kukatiza katikati tu, kipenyo, mita 18.3. Ukitumia sekunde 10 basi spidi ya wastani ni mita 2.87 kwa sekunde na velositi ya wastani ni mita 1.83 kwa sekunde kuelekea upande wa pili wa duara. Umetembea mwendo ule ule bila kupunguza wala kuongeza na bado namba hazifanani, hii ndo inayowachanganya watu kwa sababu wanadhani tofauti inakuja pale tu unapobadilisha spidi. Hapana, ukipinda tu basi imeshakuja.

HATUA YA 4: Muda, na mitego yake

Muda unaotakiwa ni WOTE kuanzia M mpaka W. Kusimama kula kunahesabiwa, foleni inahesabiwa, na kubadilisha tairi pia. Swali likisema gari lilisimama nusu saa, ile nusu saa haijawekwa kwa kupamba hadithi, inaingia kwenye muda, ingawa umbali wake ni sifuri. Isipokuwa swali liseme lenyewe kwamba wanataka kipande fulani tu cha safari.

Mtego wa pili ni wetu sisi tunaosema saa za Kiswahili. Basi limetoka Dar saa 12 asubuhi, limefika Dodoma saa 8 mchana. Nimeona mwanafunzi kabisa anaandika 12 − 8 = 4. Masaa manne Dar mpaka Dodoma kwa basi, mzee huyo dereva atakuwa anaruka! Saa 12 asubuhi ichukulie kama sifuri, ndo saa zinaanza kuhesabika upya, kwa hiyo mpaka saa 8 mchana ni masaa 8.

Wa tatu, vipimo. Kama umbali uko kwenye kilometa na muda uko kwenye dakika, geuza dakika ziwe masaa kabla ya kugawanya, dakika 20 siyo saa 0.20, ni 20 ÷ 60. Na ukitaka kutoka km kwa saa kwenda mita kwa sekunde gawanya kwa 3.6, kurudi zidisha kwa 3.6. Gari la km 72 kwa saa linakwenda mita 20 kila sekunde, ukiifikiria hiyo utaacha kukatiza barabara kizembe.

HATUA YA 5: Sasa gawanya

Turudi kwa msinziaji wetu. Daladala lilitumia dakika 20 kufika km 10, kurudi kwa mguu akatumia dakika 30. Muda wote dakika 50, ambayo ni 5/6 ya saa.

Spidi ya wastani = 12 ÷ 5/6 = km 14.4 kwa saa
Velositi ya wastani = 8 ÷ 5/6 = km 9.6 kwa saa, kuelekea mbele

Na lile basi la Dodoma? Kwa barabara ni kama km 450, masaa 8, spidi ya wastani inakuja km 56 kwa saa na kidogo. Kama ungekuwa kunguru ukapiga mstari toka Dar mpaka Dodoma ni km 400 kasoro kidogo, tuchukue 396, gawanya kwa 8 unapata km 49.5 kwa saa kuelekea magharibi, kaskazini kidogo. Ona kwamba hakuna sehemu yoyote ya safari ambapo sindano ya spidi ilikaa kwenye 49.5 ikatulia. Basi lilikuwa linagonga 80 porini, likashuka 50 kwenye vijiji, likasimama kabisa abiria wakala Morogoro. Wastani siyo kitu unachokiona kwenye dashibodi, ni kitu unachokipata baada ya kufika.

Ndo maana trafiki akikupiga tochi huwezi kujitetea kwa wastani. "Afande mi toka Chalinze wastani wangu ni 48." Tochi inasoma spidi ya papo hapo, pale ulipopita mbele yake kwenye kibao cha 50, wastani wako toka Chalinze haimuhusu.

HATUA YA 6: Usijumlishe spidi mbili ukagawa kwa mbili

Hapa nitakaa kidogo maana hili kosa nimeliona mpaka kwa watu wazima wenye digrii zao.

Gari limekwenda km 120 kwa spidi ya 60, likarudi njia ile ile kwa spidi ya 40. Spidi ya wastani ya safari nzima? Kila mtu anasema 50. Haya tufuate hatua. Kwenda 120 ÷ 60 ni masaa 2. Kurudi 120 ÷ 40 ni masaa 3. Umbali wote 240, muda wote masaa 5, 240 ÷ 5 = 48. Siyo 50.

Kwa nini? Kwa sababu gari limekaa masaa mengi zaidi kwenye 40 kuliko kwenye 60, masaa matatu kwa mawili, kwa hiyo ile 40 inavuta wastani kwake. Ukienda taratibu unakaa barabarani muda mrefu, na wastani unahesabiwa kwa muda. Ile ya kujumlisha na kugawa kwa mbili inakubali tu kama MUDA wa vipande viwili ni sawa, yaani masaa mawili kwa 60 na masaa mawili kwa 40, hapo kweli 50. Umbali ukiwa sawa haikubali.

Sasa sikia hii ambayo huwa nawapa wadogo zangu wa tuisheni, na huwa inazua ubishi mpaka kipindi kinaisha. Dereva anakwenda km 60 na kurudi km 60, bosi kamwambia safari nzima iwe na wastani wa km 60 kwa saa. Kwenda kakutana na foleni na mvua, akaenda kwa wastani wa 30. Arudi kwa spidi gani ili afidie? Watakuambia 90, kwa sababu 30 na 90 gawa kwa mbili ni 60. Fanya hesabu: safari nzima ni km 120, kwa wastani wa 60 inatakiwa iishe ndani ya masaa 2. Kwenda peke yake kwa 30 kumeshakula masaa 2. Muda umeisha! Anatakiwa arudi bila kutumia hata sekunde moja, hakuna gari wala ndege ya kumsaidia. Akirudi kwa 90 atatumia dakika 40, wastani wake utakuwa 120 ÷ 2⅔ = 45. Na velositi yake ya wastani, kwa safari nzima, ni sifuri hata angerudi na roketi, maana karudi alipotoka.

Kuna fomula nyingine inayofanana na hili kosa nayo inasumbua, ile ya velositi ya mwanzo jumlisha velositi ya mwisho gawa kwa mbili. Hii ni halali, lakini ni kwa kitu kinachoongeza au kupunguza mwendo sawasawa tu, kwa mfano jiwe linaloanguka au gari ambalo swali limesema kabisa mchapuko wake haubadiliki. Kama swali halijasema, usiiguse, rudi kwenye displesimenti gawanya kwa muda, hiyo haikuangushi kamwe.

HATUA YA 7: Kagua jibu kabla hujapiga mstari wa mwisho

Mambo matatu. La kwanza, ukubwa wa velositi ya wastani hauwezi kuzidi spidi ya wastani. Haiwezekani, kwa sababu mstari mnyoofu ndio njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili, displesimenti haiwezi kuwa ndefu kuliko umbali. Zinaweza kulingana, kama umekwenda mstari mnyoofu bila kurudi nyuma. Ukipata velositi 12 na spidi 9, usiendelee, rudi juu kuna mahali umeteleza.

La pili, umetaja upande? Velositi bila upande ni jibu nusu. Andika mashariki, mbele, kuelekea nyumbani, au alama ya kutoa kama ulichagua upande wa chanya. Ila ikiwa sifuri haihitaji upande.

La tatu, usiogope sifuri. Joshua Cheptegei wa Uganda, tarehe 7 Oktoba 2020 kule Valencia, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, rekodi ya dunia. Hizo ni sekunde 1571. Spidi yake ya wastani ni mita 6.37 kwa sekunde, karibu km 23 kwa saa, we jaribu kukimbia hivyo mita 200 tu uone. Na mita 10,000 ni raundi 25 kamili za uwanja, unamalizia mstari ule ule ulioanzia, kwa hiyo velositi ya wastani ya mbio zile zote ni sifuri. Haisemi kwamba hakukimbia, inasema tu kwamba baada ya yote hayo yuko pale pale alipoanzia.

Mbio za mita 100 ni kinyume chake. Usain Bolt pale Berlin mwaka 2009, sekunde 9.58, njia imenyooka, kwa hiyo 100 ÷ 9.58 = mita 10.44 kwa sekunde, na hiyo ndiyo spidi na ndiyo velositi, tofauti ni kuongeza tu "kuelekea mstari wa kumalizia".

Ya kufurahisha zaidi ni mita 200, maana inaanzia kwenye kona. Uwanja rasmi una kipande kilichonyooka cha mita 84.39, na leni ya kwanza inapinda kwa nusukipenyo cha mita 36.8 kama ukipima pale inapopimiwa mbio. Mkimbiaji wa leni ya kwanza anakula kona nzima, nusu duara, alafu anamalizia na kile kipande kilichonyooka. Kwa kukatiza kona kasogea upande mita 73.6, na kwa kile kilichonyooka kasogea mita 84.39, ni pembe mraba, Pythagoras tena, inakuja kama mita 112. Yaani kakimbia 200 lakini kutoka alipoanzia mpaka alipoishia ni mita 112 tu! Akitumia sekunde 20, spidi ya wastani ni 10 kamili, velositi ya wastani 5.6. Siku nilipoipiga hii hesabu kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu sikuamini.

Kama umepewa grafu

Kama swali limekuja na grafu ya mahali kitu kilipo dhidi ya muda, usihangaike na milima na mabonde yake. Velositi ya wastani kati ya nyakati mbili ni mteremko wa mstari mnyoofu unaounganisha nukta ya kwanza na ya mwisho, weka rula pima, basi. Kwa spidi ya wastani ndo unatakiwa ufuate grafu yote, kila inapopanda jumlisha, kila inaposhuka jumlisha pia, alafu ugawanye kwa muda.

Jipime

Muogeleaji kwenye bwawa la mita 50, kwenda sekunde 30, kurudi sekunde 34. Bodaboda km 6 mashariki kisha km 8 kaskazini, dakika 30 zote. Gari dakika 20 kwa spidi ya 90, kisha dakika 40 kwa spidi ya 60, barabara imenyooka. Funga macho yako kwenye aya inayofuata kwanza ufanye.

Muogeleaji: spidi 100 ÷ 64 = mita 1.56 kwa sekunde, velositi ya safari nzima sifuri, lakini velositi ya kwenda peke yake ni +1.67 na ya kurudi ni −1.47, kwa hiyo angalia swali linauliza kipande gani. Bodaboda: spidi 14 ÷ 0.5 = km 28 kwa saa, displesimenti km 10, velositi km 20 kwa saa kuelekea kaskazini mashariki, digrii 53 kutoka mashariki. Gari: kipande cha kwanza km 30, cha pili km 40, jumla km 70 kwa saa moja, spidi 70 na velositi 70 kwa sababu halijapinda wala kurudi. Ulipata 75? Rudi hatua ya 6.

Na kwa wale watakaosema mambo ya kutofautisha umbali na displesimenti yanaishia kwenye mtihani, waulize mashabiki wa marathoni wa Kenya. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai alishinda Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia, 2:03:59, aliyoiweka Berlin 2008, kwa hiyo Mutai aliipita kwa sekunde 57 nzima. Haikuhesabiwa. Njia ya Boston inaanzia mji wa Hopkinton inakuja moja kwa moja mpaka mjini Boston, umbali ni km 42.195 kama kawaida lakini displesimenti ni kama km 38 na nusu, yaani spidi yake ya wastani ilikuwa km 20.6 kwa saa na velositi ya wastani karibu 18.8, namba zimekaribiana mno. Kanuni za riadha zinasema ili iwe rekodi, mwanzo na mwisho visiachane zaidi ya nusu ya urefu wa mbio, kwa sababu ukikimbia muda wote kuelekea upande mmoja upepo unaweza kukusukuma mgongoni toka mwanzo mpaka mwisho, na siku ile upepo ulikuwa unavuma kweli kweli kuelekea Boston. Ukikimbia njia inayojirudia, upepo uliokubeba kwenda utakupiga usoni kurudi. Boston ina tatizo lingine pia, inateremka zaidi ya mita 130 na kanuni inaruhusu mita moja tu kwa kila kilometa. Miezi mitano baadaye Mkenya mwingine, Patrick Makau, akakimbia Berlin, ambako unaanzia na kumalizia jirani na Lango la Brandenburg, velositi ya wastani karibu na sifuri. Akatumia 2:03:38, sekunde 36 nyuma ya muda wa Mutai, na rekodi ya dunia ikaandikwa jina lake.